Feni Isisimame

Huyu fundi ni jirani yangu, tunatenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyaokota barabarani. Mtaa mzima unamwita Baridi. Jina alilopewa na wazazi wake tulishalisahau. Anatengeneza mafriji, feni na chochote kinachopoza, na mdomo anao, hasa wa kuwasema mafundi wenzake wanaofunga kitu kwa utepe na kuondoka. "Kubandika si kutengeneza," ndiyo kauli yake. Akikuta kazi iliyobandikwa, hawezi kuipita. Lazima aibandue kwanza, amtukane aliyeifanya, ndipo aanze ya kwake. Tulikuwa tukimcheka kwa hilo.

Hana mke, hana mtoto. Alikuwa na mdogo wake wa kike tu. Wazazi walipoondoka mapema yeye ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwoza, na mpaka anakuwa mama mwenye nyumba yake bado alimwita Kitinda, kwa kuwa ni kitinda mimba. Mwaka juzi Kitinda aliugua mapafu, akaugua kweli. Madaktari walifika mahali pa kuinamisha vichwa na kusema maneno ya upole. Baridi alilala kwenye korido ya hospitali akilia hadharani, mtu mzima na ndevu zake. Kisha asubuhi moja mgonjwa akaamka, akaomba chai. Basi. Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Wewe ungeuliza? Tangu siku ile Baridi alimbeba mdogo wake kama yai kiganjani.

Jumamosi moja alikuwa kibarazani kwake anasafisha koili ya friji la muuza duka, redio inaongea yenyewe, jua la kawaida tu. Simu ikaita.

"Kaka, friji la shemeji yako linakohoa."

"Friji halikohoi, Kitinda. Linanguruma au limekufa."

"Njoo ulisikilize mwenyewe, mbishi wewe. Na uje leo, mwenye friji yuko safarini. Aliniapisha nisimwite fundi yeyote."

"Mimi si fundi yeyote."

"Ndivyo nilivyojitetea moyoni," akasema, akacheka. Kicheko kikakatika katikati, halafu kikaendelea. Baridi akadhani ni mtandao.

Friji lenyewe lilikuwa la mvinyo, lile la nyumbani, refu mpaka kifuani, mlango wa kioo cheusi na kitaa cha buluu ndani. Shemeji yake, mume wa Kitinda, alilinunua wiki ileile Kitinda alipotoka hospitali, na watu walishangaa, maana yule bwana hata soda ilikuwa inamkaba. Alisema mvinyo ukizeeka unapanda thamani, kwa hiyo anazeesha. Haya, kila mtu na wazimu wake. Alilitengea chumba kizima, kile kidogo kati ya jiko na stoo. Akalifungia na betri yake pekee. Umeme ukikatika, nyumba yote ilikuwa giza isipokuwa kile kitaa cha buluu.

"Anaulea huu mvinyo kama mwana wa kwanza," Kitinda alisema akimwongoza kaka yake ndani. "Akisafiri ananipigia simu. Unadhani ananiulizia mimi? Wapi! 'Friji linaendaje?'"

"Na wewe unaendaje?"

"Mzima. Nachoka tu siku hizi. Nikipanda ngazi nasimama katikati, kama mtu aliyesahau anakwenda wapi." Akamwona kaka yake anakunja uso. "Usianze, kaka. Tengeneza friji, mimi niache."

Akaingia jikoni kuosha vyombo. Baridi akapiga magoti mbele ya friji, akatega sikio kabla ya kugusa kitu, maana fundi mzuri huanza na sikio. Kompresa ilikuwa safi. Gesi ilikuwepo. Tatizo lilikuwa feni ya ndani, ile inayozungusha hewa ili ubaridi usikae mahali pamoja. Alipoweka kipimajoto kwenye kioo, juu palikuwa na joto na chini palikuwa na ubaridi wa kupitiliza. Feni ilikuwa inazunguka, inakwaruza, inasita, inazunguka tena. Bushi, ile pete inayoshika ekseli, imekwisha, akajiambia. Kazi ndogo, na chakula cha mchana atakula hapahapa.

Jikoni Kitinda alianza kuimba, wimbo wa kujitungia wa kumchokoza kaka yake.

"Fundi wa baridi, jasho la moto! Fundi wa baridi..."

Baridi akatabasamu, akafungua mlango kwa ufunguo aliopewa. Kawaida ukifungua friji la namna hii feni husimama, kwa sababu kuna kiswichi pembeni ya mlango kinachoikata. Hii haikusimama. Akachungulia. Kile kiswichi kilikuwa kimekandamizwa kwa utepe mweusi, umezungushwa tabaka juu ya tabaka, ili friji liamini mlango umefungwa hata ukiwa wazi. Damu ikamchemka. "Nani kafanya uchafu huu?" akanong'ona. Wala hakufikiri mara mbili. Akaingiza ukucha, akaubandua wote.

Feni ikasimama, kama inavyotakiwa.

Akatoa chupa za mbele akaziweka sakafuni, akaingiza mkono mpaka begani, akagusa panga la feni kwa kidole. Zito. Akalisukuma kidogo. Likakwama. Kweli bushi. Nyuma kabisa, mbele ya feni, kulikuwa na chupa moja iliyolala peke yake, haina karatasi, kizibo chake kimezibwa kwa nta nyeusi. Akaiacha.

Hapo ndipo magoti yake yalipohisi maji.

Yalikuwa yanatambaa kutoka jikoni, yameshavuka kizingiti. Bomba lilikuwa linamwaga tu. Wimbo ulikuwa umenyamaza, na hakukumbuka umenyamaza saa ngapi.

"Kitinda! Unafurikisha nyumba!"

Kimya.

Alimkuta amesimama wima mbele ya sinki. Mkono mmoja ndani ya maji, mwingine umeshika sahani. Macho wazi. Mdomo wazi kidogo. Maji yanamwagika juu ya miguu yake na yeye hashtuki. Baridi akamwita. Akamshika bega. Bega lilikuwa gumu. Akaweka kiganja mbele ya pua yake akangoja. Akangoja tena. Hakuna kitu. Akafungua mdomo apige yowe.

Nyuma yake, kule chumbani, mlango wa friji ukajifunga wenyewe taratibu kwa uzito wake. Feni ikakwaruza, ikaanza kuzunguka.

"...ridi, jasho la moto!" Kitinda akamalizia. Akamwona kaka yake. "Heee! Umenitisha! Na haya maji vipi? Kaka, umepasua nini huko?"

Alikuwa anapumua, anacheka, anatafuta kitambaa cha kupangusia. Hakujua kitu. Baridi aliegemea ukuta. Akasema ni bomba. Kitinda akamtania kwamba uzee umemvamia, akaanza kukamua maji kwenye ndoo.

Ungekuwa wewe ungekimbia. Baridi hakukimbia, maana ni fundi, na fundi akiona kitu mara moja hakiamini. Akarudi chumbani na kasauti kakavu.

"Hebu imba tena, mdogo wangu."

"Leo umeupenda wimbo wangu?"

"Imba tu."

Akaimba. Baridi akafungua mlango wa friji. Wimbo ukakatika. Akafunga. Wimbo ukaendelea palepale ulipokatikia, haukuruka hata silabi. Akafungua. Kimya. Akafunga. Sauti. Alitaka kujaribu tena, lakini mkono ulikataa. Akaokota ule utepe mweusi sakafuni, umejaa uchafu na maji, akaukausha kwenye suruali, akaubandika upya juu ya swichi. Yeye, Baridi, akabandika. Akaubonyeza na kuubonyeza mpaka kucha zikamuuma.

Alimpigia shemeji yake kutoka uani, amegeuzia uso ukutani ili Kitinda asimsikie.

"Shemeji. Friji lako lina nini?"

Upande wa pili palikuwa na mlio wa gari, kisha gari likazimwa.

"Umelifungua?"

"Nimelifungua."

"Ule utepe?"

"Niliubandua."

Akasikia mtu mzima anavuta pumzi kama mtoto anayetaka kulia. "Urudishe, Baridi. Nakuomba."

"Nimeurudisha. Niambie nini kile."

"Feni isisimame. Ndiyo niliyoambiwa, hilo tu. Mahali pasipo na joto wala barafu, na hewa isisimame. Ile chupa ya nyuma usiiguse, usiitikise."

"Nani aliyekuambia?"

"Mganga mmoja, na ameshakufa. Nilikwenda kumtafuta mwaka huohuo nimuulize itakuwaje friji likichakaa. Nikakuta wamemzika. Usinihukumu. Pale koridoni ulinishika miguu ukaniambia, shemeji, fanya lolote. Nikafanya lolote. Ningefanyaje?"

Kumchukia yule bwana Baridi asingeweza. Laiti angelijua mlango wa kubisha, yeye ndiye angetangulia kubisha.

"Bushi imekwisha," akasema. "Hii feni haifiki kesho."

"Nimeshageuza gari. Ishikilie mpaka nifike."

Ishikilie. Rahisi kusema.

Akarudi kupiga magoti. Kwanza alichukua mafuta ya cherehani, akayavuta kwa mrija wa soda, akayadondosha tone kwa tone kwenye ekseli huku feni inazunguka, amebana pumzi asije akagusa panga. Mkwaruzo ukapungua. Akasikia Kitinda kule ndani amekohoa, akavuta hewa ndefu, akasema peke yake, "Ahsante Mungu, leo kifua kimefunguka." Baridi alitaka kulia kwa furaha. Akakaa anasikiliza feni. Ilikwenda laini kwa muda, halafu harufu ya kuungua ikaanza.

Akatafuta njia nyingine. Kwenye begi lake alikuwa na feni nzima ya ukubwa uleule. Akaifunga kando ya ile mbovu, akaiwasha, ikavuma vizuri kabisa, hewa imejaa. Akafikiri, basi, hewa ni hewa. Akagusa panga la ile ya zamani, likasita chini ya kidole. Sebuleni Kitinda alikuwa anaongea na shoga yake kwenye simu, anacheka. Kicheko kikazima. Baridi akaondoa kidole upesi. Kicheko kikarudi. Feni mpya ilikuwa bado inavuma vizuri kabisa, na ilikuwa haina maana yoyote. Ni ile tu. Panga lile, mbele ya chupa ile.

Angeweza kubadilisha mota na kuliacha panga? Ndiyo. Ni kazi ya dakika chache kwa mkono uliozoea, na mkono wake umezoea. Lakini skrubu zilikuwa zimeshikwa na kutu na barafu, na panga lingesimama muda wote huo. Mdogo wake angevumilia kwa muda gani? Nani anajua? Anayejua wamemzika. Alishika bisibisi, akaiweka chini. Akaishika, akaiweka chini. Mwanamume huyu amefungua mafriji ya watu maisha yake yote bila kusita, na siku hiyo hakuweza kuzungusha skrubu moja.

Mota ikafa yenyewe wakati jua limeanza kuinama. Haikutoa hata mlio. Panga likaanza kupunguza mwendo.

Akaingiza mkono mpaka begani, akalisukuma kwa kidole. Likazunguka. Akasukuma tena. Na tena. Sebuleni Kitinda alikuwa anasema neno, neno likawa linakwenda polepole, likarudi mwendo wake. Baridi akasukuma. Shavu lake limebanwa na rafu ya chuma, bega linawaka moto, kidole kinakufa ganzi kwa ubaridi. Mkono mwingine ukijaribu kufika, haufiki. Hawezi kubadilisha. Hawezi kupiga simu. Hawezi hata kujikuna pua. Anasukuma tu.

"Kaka, chakula tayari."

"Sasa hivi."

"Sasa hivi yako ya tangu mchana? Kinapoa."

"Wewe kula, mdogo wangu. Kula ushibe."

Akaja mlangoni. Akasimama nyuma yake. Baridi hakuweza kugeuka, alimwona kwa kivuli tu kwenye chupa.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nazungusha feni."

"Kwa kidole?"

"Kwa kidole."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona mgongo wa kaka yake unatikisika. "Unalia," akasema kwa sauti ndogo. "Kaka, unalia kwa ajili ya friji?"

Hapo angemwambia. Wengi wananiuliza, kwa nini hakumwambia? Haya, mwambie wewe. Mwambie mtu uliyemlisha kwa mkono wako kwamba uhai wake umelala kwenye chupa na wewe ndiye unaukoroga kwa kidole kilichochoka.

"Kaa palepale, Kitinda. Shemeji anakuja. Usinisogelee tu, tafadhali."

"Umeanza kuumwa wewe. Una homa." Akamgusa shingo. "Umekuwa barafu! Toka humo."

"Usiniguse!"

"Toka, nasema! Mvinyo uoze, friji liungue, mwenyewe akija aniseme mimi. Nina kaka mmoja tu duniani, sitamwacha afe kwa nimonia kwa ajili ya chupa za mtu."

Alikuwa anamwonea huruma. Hilo ndilo linalomla Baridi mpaka leo, kwamba lilikuwa pendo tupu. Akapiga magoti nyuma yake. Akamzungushia mikono yote miwili, akaibana mikono yake ubavuni, akavuta kwa nguvu zake zote. Baridi akashika rafu, rafu ikachomoka. Kidole kikatoka kwenye panga, na ukingo wa panga ukakichana ncha. Wakaanguka wote wawili kwa makalio kwenye sakafu yenye maji.

"Niachie! Kitinda, niachie!"

"Sikuachii," akasema sikioni mwake, amemkumbatia, analia na yeye sasa. "Sikuachii ng'o. Una jambo unanificha. Sikuachii mpaka uni..."

Panga likasimama.

Mikono ya Kitinda haikulegea. Ilikuwa imemfunga kifuani, migumu. Baridi akajipinda. Akapiga mabega. Akavuta. Ile mikono ilikuwa mikono ya mtu aliyeamua kutoachia, na ilibaki katika uamuzi wake. Friji lilikuwa wazi mbele yake. Panga alikuwa analiona. Lilikuwa karibu. Mkono ungefika, kama angekuwa na mkono.

Akasukuma sakafu kwa visigino. Maji yakamtelezesha. Akasukuma tena. Akajiburuta, amembeba mgongoni, mpaka uso wake ukaingia kati ya rafu. Alikuwa amebakiwa na mdomo tu.

Akapuliza.

Panga likatikisika. Akavuta hewa, akapuliza kwa mapafu yake yote. Panga likazunguka nusu mzunguko, likasimama. Na shingoni, nyuma ya sikio, akahisi pumzi. Moja. Ya vuguvugu.

"...ambie," Kitinda akasema.

Akapuliza tena. Akapuliza mpaka akaona nyota. Akapuliza huku anasema ndiyo, nitakuambia, nitakuambia, na kila alichosema kilikuwa ni hewa aliyoipoteza. Panga lilizunguka. Lilizunguka mara nyingi tu. Shingoni hapakuja kitu tena. Ile chupa ya nyuma ilikuwa imelala mahali pake, haijavunjika, nta haijapasuka. Lakini sasa ilikuwa chupa tupu.

Shemeji yake alipofika aliwakuta hivyo, kaka amekumbatiwa, anapuliza ndani ya friji lililokufa, midomo imepasuka. Ilibidi majirani wawili wasaidie kuifungua ile mikono. Yule bwana hakumlaumu. Baada ya maziko alifunga nyumba akaondoka, na kila tukipiga simu yake haiiti.

Daktari aliandika kwamba ni yale mapafu ya mwaka juzi. Sisi tulioosha na kubeba tuliona hana jeraha, ametulia, ameinua nyusi kidogo kama mtu anayesubiri jibu. Tukamzika mchana, watu wengi.

Sasa kuna hiki kidole.

Ule mchano wa panga, kwenye ncha ya kidole cha shahada, haujafunga mpaka leo. Hautoi damu. Hauna usaha, hauumi. Wauguzi wamekiangalia wakasema ni kidonda safi, kitapona. Baridi alikuja kwangu jioni moja, amekiinua kidole kama mtoto anayeomba ruhusa, akaniambia, "Jirani, nisogezee shavu lako." Nikadhani kachanganyikiwa. Nikamsogezea, kwa kumstahi tu.

Kilitoka kiupepo. Kidogo, cha vuguvugu. Kikaingia ndani. Kikatoka. Kikaingia.

Niliruka nikaangusha kiti. Yeye hakushangaa. Aliniambia kuwa usiku pumzi ile huenda taratibu, kama ya mtu aliyelala usingizi mzuri. Asubuhi ndiyo mbaya. Asubuhi huamka ghafla, ikakimbia, ikakimbia, fupifupi, kama ya mtu aliyefumbua macho akakuta hana pa kunyoosha mkono. Hudumu hivyo muda mrefu kabla ya kuchoka.

Amekwenda kuomba kaburi lifunguliwe. Wamemfukuza mara kadhaa, na mara ya mwisho walimpa pole na maji ya kunywa. Kazi ameacha. Anakaa kibarazani, kidole kimeinuliwa hewani, mbali na nguo, mbali na vumbi, akilala amekitoa nje ya shuka.

"Kifunge basi, ndugu yangu," nilimwambia juzi, kwa kuwa nimeshindwa kumtazama. "Weka plasta. Labda kitapona, nawe upumzike."

Akakivuta kidole kifuani haraka, akakikinga kwa kiganja cha pili, lakini mbali kidogo, ili asikizibe.

"Nikikifunga," akaninong'oneza, "atapumulia wapi?"